Ombolezo la Fidla, Piano na Marehemu

Jumatatu, 9 Oktoba 1911

Nimefika kijiji cha Alsóberek kutafuta nyimbo za kale. Matope mpaka magotini. Etelka, mpiga fidla wangu mpenzi, amesema wazi: Jumapili, ukumbini Budapest, fidla yake itapiga wimbo mmoja tu wa wanakijiji, ule wa kale zaidi, na aliyeupangia piano ndiye atakayefuatana naye Vienna. Vienna kwangu si kitu. Etelka ndiye kitu. Mshindani wangu, Zsigmond Kalotai, ameshapata wimbo wa wavunaji, anatembea kama jogoo.

Nitamzidi. Bibi Borcsa, ninayekaa kwake, anajua ombolezo lililokuwepo kabla ya babu wa babu yake. Nikamwomba aliimbe mbele ya mashine yangu ya kunasa sauti. Akaniuliza maiti yuko wapi. Nikasema hakuna. Akasema basi na wimbo hakuna, mwanangu. Ukiomboleza bila maiti, kifo kinakuja kuuliza nani kakiita.

Jumanne, 10 Oktoba

Subira huvuta heri. Mzee Mátyás, jirani, anakohoa vibaya. Nimekwenda kumjulia hali asubuhi, mchana na alasiri, kila mara na kichupa cha pombe ya plamu. Mkewe kasema hajapata kuona kijana wa mjini mwenye huruma namna hii. Jioni mzee kaamka, kapanda ngazi, anapogoa miti. Pombe imemponya. Tenda wema nenda zako!

Jumatano, 11 Oktoba

Wazo! Maiti nitakuwa mimi. Bibi Borcsa alishauriana na shoga yake Rozi, akakubali kwa sharti moja: kama ni kufa, nife sawasawa, yeye hataki mzaha na mambo ya Mungu. Wakanilaza mezani na suti yangu nyeusi, taya limefungwa kitambaa, kioo kimefunikwa, saa imesimamishwa, kama desturi yao ya msiba. Mashine chini ya meza.

Akaanza. Nywele zilinisimama. Sauti ilishuka taratibu, ikavunjika, ikaanza upya. Tatizo maneno. Ombolezo hutungwa papo hapo, na ni lazima liseme kweli juu ya marehemu. Ewe Jenő wangu, nani sasa atamaliza maandazi yangu ya jibini bila kusema ahsante? Nani atampelekea Mátyás pombe huku akimwombea kifo? Kumbe walijua. Silinda ya nta inayonasa sauti ilipokaribia kujaa nikashusha mkono kuibadilisha, nikachapwa kofi. Bibi Rozi akauliza marehemu gani huyu asiyetulia.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mpiga kengele alisikia kilio jana, akapiga kengele ya wafu. Shauri yake. Nimeshinda kwenye piano ya mwalimu wa kijiji, nikiupangia wimbo. Fidla inalia, piano inatembea chini yake taratibu, mwendo wa wabeba jeneza. Sijapata kufanya kazi tamu kama hii. Nimeiandika yote, nimemtuma Mzee Mátyás aipeleke posta, iende kwa Etelka afanye mazoezi. Mzee ana nguvu siku hizi.

Wanakijiji wamekuja kula matanga yangu. Hawanisalimu. Nami nimekula. Supu ilikuwa nzuri.

Jumapili, 15 Oktoba

Mwenye mkokoteni alikataa katakata kumpakia mtu aliyekwisha kupigiwa kengele. Nimetembea mpaka stesheni, treni imeniacha, nimengoja ya pili, nimefika ukumbini wimbo wangu unapigwa. Etelka kwenye fidla, gauni jeusi. Kwenye piano Zsigmond, machozi yanamdondoka, mnafiki mkubwa. Ukumbi mzima umesimama kwa heshima ya marehemu Jenő Halmos.

Kumbe mkuu wa posta alimwuliza Mátyás kama kweli nimekufa. Mátyás akajibu ni kweli, yeye mwenyewe amekula matanga yangu. Mkuu wa posta akaandika juu ya bahasha: aliyetuma amefariki.

Nikapanda jukwaani kupokea makofi. Wanawake wakazimia. Etelka akanivuta pembeni. Nilidhani atalia kwa furaha. Akaniuliza kama nilishindwa hata kungoja wimbo uishe. Kasema wimbo wa marehemu umewatoa watu machozi, wa aliye hai utawatoa nje. Safari imeshatangazwa, kwa hiyo tafadhali niendelee kufa mpaka Krismasi. Anakwenda na Zsigmond, ambaye alinishika mkono akanipa pole ya msiba. Imeniuma. Nimelia kweli nyuma ya pazia, na safari hii hakuna aliyeniombolezea.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimerudi Alsóberek. Kosa langu nimeliona: wimbo ulikuwa wa huzuni mno. Bibi Borcsa anao wa kumuaga bibi harusi, wa kale kuliko ombolezo. Etelka akiusikia atamsahau Zsigmond. Ila hauimbwi mpaka bibi harusi wa kweli awe anatoka kwao. Mjukuu wake, Zsófi, hajaolewa. Nimejitolea kuwa bwana harusi, mpaka silinda ijae tu. Nguruwe ameshachinjwa, padri ameshaambiwa. Zsófi, mwenye mabega ya mhunzi, kanitazama juu mpaka chini, kasema nitafaa.

Bibi Borcsa ameniuliza kama mara hii nitatulia. Nimemwambia asiwe na shaka, nina uzoefu.