Makoti ya Mvua na Dumu la Mawese

Jumatano, 23 Oktoba

Yunisi kaondoka. Mke wangu wa ndoa! Kapanda bodaboda na godoro kichwani, huyoo, Simbo kwa dada yake Diana. Kosa langu? Belo la makoti ya mtumba limelala kitandani na yeye amelala chini. Kasema mbele ya majirani kwamba siku makoti yatakapotoka ndiyo siku atakayorudi, si kabla. Majirani wakaguna pamoja kama kwaya. Washenzi.

Makoti yenyewe si mchezo. Ya Wazungu wanaopanda milima bila kutumwa na mtu. Rangi ya chungwa, kofia yake, mifuko mpaka mgongoni. Na mvua ndiyo hii inaanza! Lakini hapa sokoni Mwanga watu wanavuta zipu juu, wanavuta zipu chini, halafu wanavuka njia kwa Abeid. Abeid mtu wa Ujiji. Anauza makoti mapya ya plastiki yanayolia kama mfuko wa mkate. Ana adabu kupita kiasi. Simpendi.

Leo kaja Frida, mwenye mitumbwi ya dagaa kule Katonga. Anataka makoti ya wavuvi wake wote. Wote! Belo lingekwisha kwa mkupuo. Nikamwambia koti la Abeid likikutana na msumari linageuka chandarua. Abeid akajibu kwa upole kwamba la kwangu lilizuia mvua ujanani, kabla Mzungu hajalifua mpaka likasahau kazi. Watu wakacheka. Nikasema nitawaonyesha. Nikavaa, nikafunga zipu, nikajimwagia ndoo nzima mbele ya soko.

Nimelowa mpaka singlendi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kikohozi. Hasira pia.

Frida kasema hanunui maneno. Sasa mwezi unachelewa kuchomoza, giza limerudi, mitumbwi inarudi ziwani na taa zake. Basi kesho kila muuzaji atoe koti moja. Mvuvi wake Meshack avae langu, mwenzake Nuhu avae la Abeid, mtumbwi mmoja, mvua iwe hakimu. Nikakubali haraka, kifua mbele.

Jioni naosha sahani, maana mke hayupo. Maji yakaruka juu ya dumu la mawese. Yakateleza! Hayakushika hata tone. Nikaliangalia dumu. Nikaangalia koti. Rangi karibu ileile. Mimi niliishia darasa la nne, lakini sijaona mwenye digrii aliyewaza hili.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimepaka mawese tangu asubuhi. Siyo koti moja, belo zima. Frida akishakubali atataka mzigo papo hapo, sitaki kumchelewesha. Nimepaka mbele, nyuma, kwapani. Dumu limekwisha.

Sisimizi wameingia. Paka wa mtaa mzima wamekaa mlangoni wananitazama kama mimi ndiye samaki. Nikawarushia kandambili. Ikakatika.

Nimempelekea Meshack koti lake. Akanusa, akaniuliza kama liliwahi kuwa la mpishi. Nikamwambia hiyo ni harufu ya Ulaya.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua imenyesha usiku kucha! Nimecheka peke yangu, sakafuni, maana kitandani bado wamelala makoti.

Asubuhi mbio Katonga. Nikakuta watu wamemzunguka Meshack, kajifunga blanketi. Mkavu? Kilikuwa kikavu kifua chake, mgongo mkavu, sawasawa, mpaka walipoanza kuvuta wavu. Mawese yakashika kamba, kamba ikamteleza, yeye akateleza na kamba. Majini! Nuhu akamdaka bega, likateleza. Akamdaka mkono, ukateleza. Mwisho kamvuta kwa sikio. Sikio limevimba kama andazi.

Nikamuuliza Meshack kwa unyenyekevu kama maji yaliingia kwenye koti.

"Mzee Bonifasi, maji hayakuingia kwenye koti. Mimi ndiye niliyeingia kwenye maji."

Nikamgeukia Frida, nikamwambia umesikia mwenyewe, halipitishi. Hata kufoka hakufoka. Mwanamke yule ana sauti ndogo, na leo aliifanya ndogo zaidi.

"Huyu ni mtoto wa watu, Mzee. Ningemwambia nini mama yake? Kwamba alikuwa mkavu?"

Kachukua makoti yote ya Abeid.

Abeid kaniletea kikombe cha kahawa, kaniambia pole, kaka. Pole! Ningependa anitukane kama mtu mzima. Nikainywa ili kumkomesha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Diana kafika na gari la mizigo. Shemeji yangu huyu anakamua mawese Simbo, na ulimi wake unakamua watu. Kasema Yunisi anammalizia ugali na kumhamishia vyombo kila siku, hivyo yeye anayanunua makoti yote, wavae vijana wake wa kinuni. Eti kule hata yakipakwa mafuta nani atajua. Bei ya matusi. Nikamwambia ni wizi. Nikampakilia mwenyewe kabla hajaghairi.

Chumba kitupu! Kitanda kinaonekana! Yunisi anarudi Alhamisi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nyumba haiwezi kukaa tupu, ni mkosi. Jana nimepata belo lingine. Kubwa zaidi, limegusa dari, dirisha halifunguki. Mahema! Ya Wazungu walewale. Muuzaji alitaka kuliondoa haraka, mjinga, hajui biashara.

Yunisi asianze kelele. Nimemsimamishia moja uani, nimetandika mkeka ndani, nimeweka na kioo chake. Vyuma havikuwemo, nimetumia mianzi. Bibi harusi gani wa Kigoma hii amewahi kupokelewa hivi?

Abeid amesimama ng'ambo ya ua, anatazama hema, anatazama mawingu yanayovuka ziwa kutoka Kongo. Na adabu zake zilezile. Atazame tu mpaka macho yamtoke.

Nimenunua dumu jipya la mawese. Hema nimelipaka mara mbili.