Sigara Moja Kwenye Chumba cha Risasi

Jamani, leo nimeaibika mpaka basi. Nimefika nyumbani Gudele nikapitia nyuma ya nyumba ili mke wangu asinione uso, kumbe habari imeshamfikia kwa simu. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaletewa yenye chumvi.

Mnajua nafanya kazi kwa hoteli ya Madam Keji, pale Thongpiny, hapa hapa Juba. Tangu vita vianze, wageni ni wa kutafuta kwa tochi. Waliobaki ni watu wa mashirika, na shirika moja lilikuwa tayari kukodi vyumba vyetu vyote. Masharti yao mawili tu: hoteli isiwe na moshi wa sigara hata kidogo, na iwe na chumba cha kujificha risasi zikianza. Wakikubali, tunakula. Wakikataa, Madam anafunga hoteli na sisi sote tunarudi kulima.

Madam alirudi kutoka Arua, Uganda, na Kiswahili chake cha kule. Akaniita. "Wani, wewe iko mkubwa ya moshi." Akanipa filimbi. (Ndiyo, filimbi. Na mimi nikaivaa shingoni kama refa!)

Kitu Madam hajui: mimi mwenyewe navuta. Tena navuta vibaya.

Wiki hii nimekuwa mkali kama pilipili. Ukitoa sigara tu, prrr! "Nje ya geti!" Nimefukuza wafanyabiashara. Nimefukuza askari na bunduki yake (huyo nilimpigia filimbi nikiwa nimejificha jikoni). Wateja wote wa baa wakahamia nje na bia zikabaki kwa friji zikiangaliana. Hata Mzee Lado, mwalimu mstaafu anayekunywa kwetu tangu hoteli ikiwa mabati matupu, sikumwonea huruma.

"Mzee, sheria ni sheria. Nje ya geti."

Akabeba kiti chake cha plastiki. "Malesh, usijali, kijana wangu. Nje kuna nafasi."

Leo ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi. Mkaguzi ni Mkenya mmoja mrefu, Bwana Kiptoo, hacheki hata kwa bahati mbaya. Akazunguka baa akinusa mapazia. Akanusa mito. Hakupata kitu! Madam akaninong'oneza, "Wani, wewe iko mtu ya maana sana." Kichwa kikavimba. Na kichwa changu kikivimba kinataka sigara.

Sasa nivutie wapi? Nje ya geti wako watu niliowafukuza. Choo kitanuswa. Nikawaza: chumba cha risasi! Nani ataenda kule na leo hakuna risasi? (Akili zangu hizo.) Ni chumba kidogo nyuma ya jikoni, mlango wa chuma, dirisha tumeliziba kwa magunia ya mchanga. Dirisha lenyewe linaangalia barabara. Msiniulize kwa nini, mimi si fundi.

Nikawasha. Pafu la kwanza, roho ikatulia. Pafu la pili, king'ora!

Mnaokaa Juba mnajua. King'ora kikilia hufikirii, unalala chini. Nikalala. Nikamwomba Mungu kwa Kibari cha mama yangu, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, asije akasema hakunielewa. Sigara bado iko mdomoni. Kumbe ni Bwana Kiptoo anatujaribu kama tunajua kukimbia!

Nikasikia miguu inakuja. Nikaichomeka sigara katikati ya magunia. Wakaingia wote: Poni mpishi, wasichana wa usafi, Madam, na Bwana Kiptoo akiangalia saa. Mlango ukafungwa.

"Huyu amefika wa kwanza," akasema Bwana Kiptoo akininyooshea kidole. "Huyu ndiye mfano."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Poni ndiye aliyeanza kunusa. "Kitu inaungua."

"Ni huko nje," nikasema.

"Nje gani, na dirisha limejaa mchanga?"

Yale magunia ni ya plastiki, jamani. Moshi mweusi ukatoka, halafu mchanga ukaanza kumwagika juu ya viatu vya Bwana Kiptoo. Hapo nikafanya kitu ambacho mpaka sasa sikielewi. Nikapiga filimbi! (Mazoea.) Gunia moja likaanguka, la pili likalifuata, mwanga ukaingia, na kwenye lile tundu ikatokea sura ya Mzee Lado, kutoka barabarani, na sigara yake mkononi.

Akaangalia moshi. Akaniangalia mimi.

"Wani," akauliza kwa upole, "kumbe huko ndani inaruhusiwa?"

Wasichana wa usafi walicheka mpaka wakashikana. Bwana Kiptoo akakung'uta viatu. "Chumba kinachobomolewa na sigara moja," akasema, "risasi itakifanyaje?" Akaondoka na mkataba wake.

Kicheko kikaisha. Poni analea watoto wa marehemu dada yake kwa kazi hii, na alikuwa anauangalia ule mchanga tu. Niliona aibu, ile ya kweli. Madam hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Wani. Enda rudisha watu yangu."

Nikatoka nje ya geti. Wote wapo, wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta wetu, na mama wa chai amewawekea viti. Nikawasihi warudi ndani, nikawaambia wavute wanavyotaka.

"Turudi tufuate nini?" akasema Mzee Lado. "Hapa kuna upepo, kuna chai, na hakuna filimbi. Mwambie Keji alete bia huku."

Na Madam akaleta! Yaani alisema "leta", nikabeba mimi, kreti baada ya kreti, mpaka mgongo ukalia. Kafyu ilipokaribia tulikuwa tumeuza kuliko wiki nzima. Poni akachoma nyama hapo hapo na akaanza kuimba. Ndani ya hoteli hakuna mtu, hakuna moshi, safi kabisa kama alivyotaka Bwana Kiptoo.

Nilipotua kreti la mwisho, Mzee Lado akanivutia kiti. "Kaa. Si nilikwambia nje kuna nafasi?" Akanivua ile filimbi, akanipa sigara.

Sasa naomba, msinicheke. Na atakayeshindwa kujizuia, sheria anaijua: nje ya geti. Atanikuta hapo.