Uzinduzi wa Maonyo Sifuri

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali hii, waheshimiwa wakuu wa idara, wauguzi, wafamasia, mafundi wa kompyuta mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha, na mama yangu mzazi uliyeketi mstari wa mbele: itifaki izingatiwe, nami, mkuu wenu wa kitengo cha kompyuta, nikiwa sehemu muhimu ya itifaki hiyo. (Makofi.)

Ndugu wajumbe, kama mnavyofahamu, au mtakavyofahamu nikishafafanua, programu yetu ya kuchapa vibandiko vya dawa inatumika kwenye kompyuta mpya za ghorofani na zile kuukuu za dirisha la dawa, na lugha ya kompyuta iliyotumika kuiandika ina matoleo mawili yasiyoelewana, jipya huko juu na la zamani dirishani, hivyo kikaguzi, yaani ile programu inayosoma kazi ya mafundi na kunung'unika kila inapoona kasoro, kikatoa maonyo elfu nne mia tatu na kumi na mbili. (Miguno.) Fundi wetu, Mama Pacha, aliomba miezi mitatu ayapitie moja moja, anyamazishe yale ya bure na kuandika sababu pembeni. Nikamwambia hatuna muda wa kubembeleza mashine. Ndipo, kwa upeo wangu mpana, nikaasisi Mpango Mkakati Jumuishi wa Usimamizi Endelevu wa Maonyo, na ndani ya dakika nne, narudia, dakika nne, maonyo yakashuka kwa asilimia mia moja. (Makofi. Mama Pacha anakohoa.)

Nimekisikia kikohozi. Changamoto zilikuwepo. Onyo moja lilihusu kugawanya: toleo jipya likigawa moja kwa mbili linapata nusu, la zamani linaitupa nusu na kubakiza sifuri. Basi mgonjwa mmoja wa presha, aliyeandikiwa nusu kidonge, akapewa dirishani kibandiko kisemacho "vidonge 0 kila asubuhi", akakitii siku tisa mpaka akaanguka jikoni. Nilipomuuliza kwa nini hakuhoji, alinijibu, "Mwanangu, si ulisema kompyuta zako hazikosei?"

(Watu wanatazama mstari wa mbele.)

Niliona haya, ndugu zangu, mpaka shati likalowa. Karatasi yangu hapa imeandikwa "tabasamu", lakini tuendelee.

Maonyo! (Ukumbi: Sifuri!) Vidonge! (Hakuna anayeitikia.)

Kwa kumalizia, namshukuru Mama Pacha, ambaye leo asubuhi alifungua faili la mpango wangu akitafuta zile kurasa mia mbili nilizozitaja kwenye ripoti, akakuta mstari mmoja tu, niliouandika kwa mkono wangu: kikaguzi kizimwe. Ameufuta. Maonyo yamerudi yote isipokuwa lile la kugawanya, alilolirekebisha kabla ya chai, na kuanzia kesho nitakaa naye tuyasome, moja moja. Nakushukuru na wewe, mama, kwa kuja. Nusu kidonge chako cha leo nimekikata mwenyewe, kiko hapa mfukoni.