Vita vya Tanbihi ya Saba, Vilivyopiganwa Tajyty

Tegeni masikio, enyi mlioketi na enyi mliokosa viti! Zimeni redio, funikeni vyungu, anayekohoa na akohoe sasa amalize, kwa maana ninayoyaleta si ya kupokewa kwa sikio moja. Wengine wamewasimulia majemadari waliovuka mito na wafalme walioangusha kuta. Vyema, kila mtu na wake. Mimi nawaletea Zunilda Aranda, binti wa miaka kumi na saba, mwenye kalamu mbili na wino wa kalamu moja, aliyetoka peke yake katika jua la Novemba kwenda kupigana na sentensi. Naam, sentensi moja tu. Lakini jamani, sentensi yenyewe!

Ilisema hivi: "Wakati wa vita vya Chaco, Kapteni Villafañe alisimama Tajyty, akala chipa kumi na nne kutoka kikapu cha Petrona Aranda, akasema: Kwa mkate huu tutashinda vita."

Chaco ni nyika tuliyoipigania na jirani zetu zamani, na Tajyty ni mji wetu. Petrona huyo, Mungu amrehemu, alikuwa mama yake Ña, yaani Bi, Deodora. Na Ña Deodora, malkia wa tanuri la udongo, ambaye moto wenyewe humwomba ruhusa kabla ya kuwaka, ndiye bibi yake Zunilda aliyemlea tangu akitambaa. Kila siku aliuza chipa, vimkate vya muhogo na jibini, kwenye kituo cha basi, na kila mfuko wa karatasi aliofungia ulikuwa umechapishwa maneno ya Kapteni kwa wino wa buluu. Ng'ambo ya barabara alikaa hasimu wake, Ña Sinforiana, mwenye ulimi uliochongwa pande zote mbili. Chipa zake zilikuwa tamu vilevile, Mungu anisamehe, ila hazikuwa na kapteni.

Ikawa mwaka wa mwisho wa shule Zunilda akaandika insha yake ya utafiti, kurasa ishirini, juu ya chipa ya Tajyty. Mwalimu Perla Insfrán, mwenye kalamu nyekundu isiyojua huruma, akairudisha ikiwa safi kama shuka la sikukuu, isipokuwa pale kwenye tanbihi ya saba, alipoandika maneno mawili: Nani alimwona?

"Mwalimu," akalia Zunilda, "si nimetaja chanzo? Iko kwenye tovuti ya halmashauri ya mji!"

"Na tovuti ilimwona?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Perla akangoja kiishe.

"Mwanangu, kurasa kumi na tisa umezifanyia kazi. Hii moja umeipokea tu kama zawadi, hukuifungua hata kuona mna nini. Kesho saa mbili asubuhi uniletee kapteni huyu katoka wapi. Ukija na shahidi, umefaulu. Ukija na tovuti, tutaonana Februari."

Februari! Wenzake wakioga mtoni, yeye akirudia mtihani pamoja na wavivu na wagonjwa. Lakini hilo halikumtisha sana. Lililomkaa kooni ni jingine: kapteni akianguka, bibi naye anaanguka, tena mbele ya Sinforiana.

Basi akajifunga kibwebwe, akashika njia ya halmashauri. Akafika saa saba kasoro dakika mbili, karani Eladio, mlinzi wa mihuri, akiwa tayari ameshika komeo la dirisha.

"Tumefunga, dada."

"Hujafunga, unafunga. Kapteni Villafañe mlimtoa wapi?"

"Kwenye tovuti."

"Eladio, tovuti ni yenu!"

"Ndiyo maana ni rasmi." Akapiga miayo. "Haya, usinikazie macho. Niliinakili mimi mwenyewe kwenye kijitabu cha sikukuu ya San Blas. Kakiandika don Baldomero. Ila sasa kalala, mji mzima umelala. Utapita njia saa hizi, Jasy Jatere akuchukue?"

Kwa maana kwetu saa ya usingizi wa mchana hakuna kiumbe kinachotembea, ila yule kijipepo wa nywele za dhahabu apigaye mluzi na kuiba watoto watoro. Zunilda akatazama barabara tupu. Mbwa wamelala, kuku wamelala, hata vumbi limelala.

"Akinichukua," akasema, "na yeye nitamwuliza katoa wapi nywele zake."

Akaenda. Wallahi, akaenda, kichwani kitabu, miguuni ndara, na lami ikimng'ang'ania kila hatua.

Don Baldomero, mtangazaji mstaafu wa redio ya mji, sauti iliyowahi kutangaza vifo vyote vya Tajyty kwa miaka thelathini, alikuwa amelala kwenye bembea yake ya wavu, kibuyu cha tereré, chai baridi ya majani, tumboni. Zunilda akapiga makofi langoni, kama ilivyo desturi, mara moja, mara tatu, mara tisa.

"Ni nani huyo," ikanguruma bembea, "avunjaye amani ya wazee saa hii iliyowekwa wakfu? Mimi niliyewazika baba zenu kwa kipaza sauti! Mimi ambaye magavana walisimama kungoja nimalize sentensi!"

"Ni mimi don, Zunilda, mjukuu wa Ña Deodora."

"Aa. Ingia, funga lango, kuku watatoka."

Akamwuliza. Mzee akakohoa, akamimina maji baridi kibuyuni, akanyonya taratibu, akampa naye anyonye.

"Utafiti, binti yangu. Utafiti mzito sana."

"Upi, don?"

"Mzito."

"Naomba niuone."

Hapo mzee akainuka kwa madaha, akafungua sanduku, akatoa kitu kilichofungwa kwa nailoni kama masalia ya mtakatifu, akakikunjua mbele yake. Kilikuwa kipande cha karatasi chenye doa la mafuta na herufi za buluu. Zunilda alizijua herufi zile. Alikuwa amezikunja mwenyewe kila Jumamosi tangu akiwa na miaka minane.

"Don Baldomero, huu ni mfuko wa chipa."

"Umechapishwa," akasema mzee kwa hadhi. "Kitu kikichapishwa, kimechapishwa."

Alhasili, hesabuni nanyi: tovuti ilikula kwenye kijitabu, kijitabu kikala kwenye mfuko, na mfuko ulitoka kwa bibi. Zunilda akashuka kwenda kituo cha basi jua likianza kulegea. Foleni ilikuwa imeshapangwa. Bibi alikuwa na kikapu chake, taulo jeupe juu, aproni imepigwa pasi.

"Bibi, Kapteni Villafañe ulimtoa wapi?"

"Swali gani hilo mbele za watu? Husomi? Yumo kwenye kijitabu cha don Baldomero, ukurasa wa tisa! Hata halmashauri wameandika!"

"Bibi. Don Baldomero kamtoa kwenye mfuko wako."

Koleo la chipa likasimama hewani. Ng'ambo ya barabara Ña Sinforiana akarefusha shingo, na shingo ile, ndugu zangu, ilikuwa na urefu wa akiba.

Ña Deodora akamvuta mjukuu wake nyuma ya kikapu. "Sikiliza," akanong'ona, "andika mama yangu alimwona. Basi. Marehemu nani atamwita?"

Hapo ndipo palipokuwa na vita vyenyewe. Kwani ilikuwa rahisi! Mstari mmoja tu, na mwalimu angeridhika, na bibi angebaki kitini pake, na Februari ingekuwa ya mtoni. Zunilda alimpenda bibi yake kuliko alama zote za shule, na moyo ulimuuma kama jino. Akafumba macho, akayafumbua, akalitoa pigo lake, lakini akalitoa kwa sauti ya chini, kwa heshima.

"Aliyoyaona mama yako tuyaache kwanza. Wewe, Bibi, kwa macho yako mwenyewe, uliona nini?"

Ña Deodora akakaa juu ya kreti. Mtu wa kwanza kwenye foleni akatazama saa, wa pili akamfinya.

"Kapteni hakuna," akasema hatimaye. "Nilimtia mimi, mwaka ule Sinforiana alipofungua pale. Na zile chipa kumi na nne nilizitia mimi. Nani anakula chipa kumi na nne? Atapasuka. Mama alinisimulia askari mmoja tu, kijana, hata viatu hana. Alikula chipa moja, akapewa ya pili. Akasema, hii niwekee, nitaila nikirudi. Hakurudi. Hayo niliyasikia."

"Na uliyoyaona?"

"Kila Jumatano ya Juma Kuu, tukishaoka, mama alitoa chipa moja akaiweka juu ya kabati. Haiguswi. Niliigusa siku moja, nina miaka sita. Nilichapwa, mjukuu wangu, mpaka leo nikipita karibu na kabati najikuna." Akajifuta macho kwa pindo la aproni. "Hayo niliyaona, na niliyahisi."

"Mbona hukuchapisha hayo?"

"Nani angenunua chipa kwa ajili ya mtu asiye na viatu?"

"Mimi," akasema mtu wa tatu kwenye foleni.

Lakini hasimu alikuwa ameshavuka barabara, mikono kiunoni. "Deodora! Nasikia kapteni wako kafa!"

"Hakufa, Sinforiana. Hakuzaliwa. Rudi kwako, chipa zako zinapoa."

"Na huyo wa miguu mitupu ndiye mpya? Basi hata mama yangu alilisha askari! Askari wawili! Na farasi!"

Ña Deodora akainuka juu ya kreti lake, akaliweka koleo begani kama mkuki, akauliza kwa upole mkubwa:

"Nani aliwaona?"

Foleni ikalipuka kwa kicheko. Basi likaja, likaondoka tupu, hakuna aliyelipanda. Sinforiana akageuka, akavuka barabara bila kutazama magari.

Asubuhi yake saa mbili Zunilda akaiweka insha mezani kwa Mwalimu Perla. Tanbihi ya saba ilisema: "Kapteni alitungwa na Deodora Aranda, bibi yangu, amekiri. Askari asiye na viatu: Petrona alimsimulia Deodora, shahidi mwingine sikumpata. Chipa juu ya kabati: Deodora aliiona mwenyewe, na alichapwa kwa kuigusa." Mwalimu akasoma mara mbili. Kalamu nyekundu ikapanda, ikaning'inia, ikashuka, ikaacha pembeni alama ya vema yenye ukubwa wa sisimizi. Pigeni tarumbeta! Watu wamejengewa sanamu za shaba kwa madogo kuliko hayo!

Na mkiniuliza mimi nani aliyaona haya, mna haki. Ya karani nimeambiwa na Eladio, na Eladio hujipendelea. Ya darasani, ya kwa don Baldomero na ya nyuma ya kikapu nimeyapata kwa Zunilda, mwulizeni, hatawaficha. Ya foleni niliyaona, maana wa tatu nilikuwa mimi, na mfuko wangu ninao bado, kapteni amekatwa kwa mstari wa kalamu. Kisha Jumatano ya Juma Kuu iliyofuata nilipita kwa Ña Deodora kuchukua chipa za nyumbani, nikainua macho. Juu ya kabati palikuwa na chipa moja, bado ya moto. Hiyo niliiona mwenyewe. Sikuigusa.