Veri Faini

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la hoteli mpya: wanatakiwa wafua nguo wanaojua Kiingereza. Watu walilisoma wakaguna. Mista Veri alilisoma akatabasamu, maana riziki yake hutoka pale wenzake wanapoguna. Kiingereza chake chote kingeenea kwenye kiganja, lakini alikuwa na suti, na mwenye suti nani amuulize cheti?

Kesho yake akafungua darasa nyuma ya kinyozi. Kiingereza kwa siku saba. Asiye na ada aweke kitu rehani. Fundi viatu akaweka redio. Dobi, mjane mwenye watoto watatu, akaweka pasi yake ya umeme, na hiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha wote wanne.

"Ukiulizwa 'hau a yu', unajibuje?"

"Ai em veri faini," darasa likaitikia.

"Samahani mwalimu," dobi akasema, "faini si ile ya kutozwa?"

"Hiyo ni ya Kiswahili, mama. Ya Kizungu ni uzima. Ukibanwa na swali lolote, wewe jibu hivyo hivyo."

Dobi akaenda kujibu hivyo hivyo. Hotelini wakamuuliza kama amewahi kuiba. Veri faini. Je, akiajiriwa ataiba tena? Veri faini. Mlinzi alimsindikiza hadi getini kwa heshima zote, na njiani akamtafsiria. Dobi aliona aibu hadi masikio yakamuwaka moto.

Alirudi darasani bila kelele. "Mwalimu, niazime pasi yangu asubuhi moja tu. Nina nguo ya mteja. Na suti yako nitainyoosha bure."

Mista Veri ni mtu wa huruma, akakubali. Tena ilikuwa vizuri, kwa sababu kesho yake alikuwa anahama mji na mali zote za wanafunzi, na hakupenda kuhama na makunyanzi.

Asubuhi mabegi yalikuwa yameshafungwa. Mwalimu alikaa na fulana akisubiri suti, mara dobi akaingia na askari wa manispaa, sare imenyooka kama rula. Nyuma yao darasa zima likajaa mlangoni.

"Unaendesha shule bila kibali," askari akasema. "Ukikiri, utatozwa faini hapa hapa. Ukikana, twende mahakamani."

Mista Veri akaanza kujitetea kwa Kiswahili kitamu ajabu.

"Afande," dobi akamkatiza kwa upole, "mwalimu wetu darasani haongei Kiswahili. Mwulize kwa Kiingereza."

Askari akakohoa. "Hau a yu?"

Wanafunzi walimkodolea mwalimu macho. Akinyamaza, itajulikana hajui hata somo lake mwenyewe.

"Ai em... veri faini."

"Mmemsikia," askari akasema. "Amejitoza mwenyewe. Tena kubwa."

Mabegi yakafunguliwa, redio ikarudi kwa fundi viatu, kila mtu akabeba chake. Suti ikabaki kwa dobi, ndiyo faini yenyewe. Mista Veri akatoroka kupitia dirishani na fulana yake.

Alipopotelea kwenye kona na wanafunzi wakaenda zao, dobi akafunga mlango, akamgeukia askari.

"Haya shemeji, vua haraka uvae hii suti. Mwenye sare anaifuata saa kumi, na nimemwambia haijakauka."