Bao la Mgeni Rasmi

Kwa niaba ya Kurugenzi ya Itifaki ya Ligi Kuu, nina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba msimu uliomalizika umekuwa wa mafanikio kuliko misimu yote tangu mpira uwe wa duara. Najua yapo maneno mitaani. Ndiyo maana mimi, Mkurugenzi wa Itifaki, nimekaa kuyaweka mambo sawa kabla walimwengu hawajayapika na kuyapakua.

Chanzo cha yote ni heshima. Msimu wa juzi, Mheshimiwa Waziri alialikwa kuwa mgeni rasmi wa mechi ya ufunguzi. Akasalimiana na wachezaji mmoja mmoja, akapiga mpira wa kwanza, na kipa mmoja asiye na malezi akaudaka. Akaudaka, tena kwa mkono mmoja! Mezani Mheshimiwa hakugusa hata maji. Sisi tuliokaa naye tulijua ligi imo hatarini.

Tukaunda kamati. Kamati ikazaa Kanuni ya Mgeni Rasmi, na Mheshimiwa mwenyewe akaitia saini. Mpira wa ufunguzi ni sehemu ya mchezo. Kipa atauachia upite, mkono kifuani. Mgeni rasmi hatazuiwa, hataguswa wala hataelekezwa, na bao lake halikatiwi rufaa. Ili tusivunje sheria za mpira, tulimsajili Mheshimiwa kuwa mchezaji halali wa kila timu mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeuweka msemo kwenye kanuni tu.

Na wenyeji walipona kweli. Timu ziliacha kugombania washambuliaji, zikagombania mgeni. Mheshimiwa alikuwa akifika, anapiga kuelekea lango la kushoto ambako kamera hazipigwi na jua, wavu unatikisika, anapunga mkono, huyo anaondoka kwenda kwenye majukumu mengine kabla jasho halijamtoka mtu. Mwisho wa msimu ulipokaribia alikuwa akiongoza kwa mabao, sawa na Sindano, mshambuliaji wa Timu ya Wizara. Magazeti yakamwita mfungaji asiyekosa. Na hakuna mechi hata moja aliyowahi kuitazama hadi mapumziko.

Timu moja tu haikupata mgeni, nayo ni Matofali, timu ya kiwanda cha matofali. Uwanja wao hauna jukwaa lenye kivuli, na vumbi lao jekundu linashika suti. Kwa hiyo ugenini walianza wakiwa nyuma bao moja, nyumbani wakaanza mikono mitupu, na sasa walikuwa ukingoni mwa kushuka daraja. Mwenye kiwanda alishasema wazi: timu ikishuka anaivunja, na wachezaji watoke kwenye vyumba vya kiwanda.

Hapa itanibidi nitaje jambo la kifamilia, ingawa si desturi ya ofisi. Kipa wa Matofali, yule wanayemwita Kufuli, ni mtoto wa dada yangu.

Mechi ya mwisho iliwakutanisha Matofali na wenyeji wao, Timu ya Wizara, ambayo mlezi wake ni Mheshimiwa mwenyewe. Wizara nao walikuwa taabani, kwa kuwa kikosi chao hupangwa kwa kufuata vyeo. Nahodha ni mhasibu mkuu, beki wa kati ni mkuu wa manunuzi, na Sindano, ambaye ni kibarua, huombwa acheze pembeni asiwafunike wakubwa. Hata hivyo sare ingewatosha kubaki. Matofali walikuwa hawana njia ila kushinda.

Wiki ile dada yangu alikuja ofisini, akaketi bila kukaribishwa.

"Kaka, mpwa wako ana mke na mtoto mchanga. Wakitolewa kile chumba watalala wapi?"

"Dada, kanuni ni kanuni."

"Si mliiandika nyie wenyewe?"

"Tuliiandika kwa niaba ya wananchi."

"Na mimi ni nani?"

Lilikuwa swali zuri. Nikamwahidi nitalifikisha kwenye kikao.

Siku yenyewe niliingia chumba cha Matofali kuwakumbusha taratibu. Kufuli alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mpira wa Mheshimiwa unajua unavyopokelewa?"

"Haupokelewi, mjomba. Unapishwa, mkono kifuani." Akakaza fundo. "Sasa pale golini mmeniweka nifanye nini?"

"Uwakilishe."

"Niwakilishe nini?"

Nikatazama saa, maana nilikuwa na majukumu mengine.

Mheshimiwa akapiga mpira wa ufunguzi. Kufuli akapisha, mkono kifuani, kichwa chini, adabu tupu. Mpira ukagonga nguzo, ukatoka nje.

Mheshimiwa aliitazama ile nguzo kama anavyomtazama mtumishi aliyechelewa kazini.

"Siondoki bila bao langu," akasema. "Si nimesajiliwa?"

"Umesajiliwa, Mheshimiwa."

"Basi nacheza."

Sindano akatolewa kumpisha. Kutoka majukwaa ya juani mama mmoja akapaza sauti: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" Nikaagiza atafutwe, lakini kule juu kila mtu alikuwa anafanana naye.

Kwa kuwa Mheshimiwa hana mazoea ya kusimama, tulimletea kiti chenye mito, tukakiweka mbele ya lango la Matofali, na mwavuli juu yake. Kila mpira ukapelekwa kwake. Mabeki wakapisha, Kufuli akapisha, naye bila kuinuka akapiga mara juu, mara pembeni, mara ukamrudia aliyempa pasi. Nafasi moja nzuri aliikosa kwa sababu ya simu. Tukaenda mapumziko bila bao.

Kipindi cha pili, kama mjuavyo, timu hubadilishana malango. Kiti hakikubadilishwa. Kuhamisha kiti cha mgeni rasmi kunahitaji idhini yake, na kumwomba idhini hiyo ni kumwelekeza. Mheshimiwa akarudi, akakaa palepale, na sasa lililokuwa mbele yake ni lango la timu yake mwenyewe. Nahodha wa Wizara akanijia mbio kando ya uwanja.

"Mkurugenzi, mwambie basi!"

"Mwambie wewe, ndiye nahodha."

"Mimi nina watoto wanasoma!"

Ajabu ni kwamba siku ile uwanja mzima ulikuwa na watoto wanasoma. Refa alikuwa nao, washika vibendera walikuwa nao, hata mtangazaji aligeukia habari za hali ya hewa. Basi nikachukua glasi ya maji, nikamwendea mwenyewe.

Mheshimiwa akanywa. Kisha akanyoosha kidole kwenye lango lililo mbele yake.

"Mkurugenzi, tunafunga pale, siyo?"

Kule upande wa pili Kufuli alikuwa amesimama peke yake, anapangusa glavu kwenye kaptula. Dada yangu alikuwa jukwaani, mikono kichwani. Nilisikia uchungu ambao haumo kwenye maelezo ya kazi yangu. Lakini kumjibu "siyo" ni kumwelekeza, na kanuni imekataza, na mimi ni mtu wa kanuni.

"Mheshimiwa," nikasema, "malango yote ni yako."

Akaridhika sana, akanirudishia glasi.

Dakika za lala salama, Wizara walipata kona. Kufuli akaruka, akaudaka mpira katikati ya vichwa, akaupiga mrefu, mrefu kweli, ukadunda mbele ya kiti. Mheshimiwa akainuka. Mkuu wa manunuzi akapisha. Kipa wa Wizara, afisa mwandamizi ambaye faili lake halina doa, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

Wavu ukatikisika.

Mheshimiwa akavua jezi, akaizungusha hewani, akakimbia. Vijana wa Matofali wakamvamia, wakamkumbatia, wakamnyanyua juu juu. Mashabiki wao wakaruka uzio kuja kumshika miguu. Nilimwona Mheshimiwa akifuta machozi. Maisha yake yote amepigiwa makofi na watu walioletwa kwa mabasi, na hawa walikuja kwa miguu yao.

"Mkurugenzi!" akaniita kutoka mabegani. "Hawa ni watu wetu?"

"Kwa leo ndiyo, Mheshimiwa."

Filimbi ya mwisho ikalia. Kamati yetu ikakutana palepale chini ya ngazi za jukwaa kuu kutafuta namna ya kulifuta lile bao. Tukaisoma kanuni kutoka juu kwenda chini, tukaisoma tena kutoka chini kwenda juu. Kila tulipofika, tulikuta saini yake.

Kwa desturi, matokeo ya msimu husomwa na mgeni rasmi. Refa akaijaza karatasi, nami nikamkabidhi Mheshimiwa kwa mikono miwili. Pale kwenye majani Kufuli alikuwa amepiga magoti, mama yake amemkumbatia shingoni, wote wawili wanalia kwa sauti bila aibu.

Mheshimiwa, bado anahema kwa furaha, akagonga kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Timu iliyoshuka daraja msimu huu ni..."

Akaigeuza karatasi kutazama nyuma, nako kulikuwa kweupe. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama bendera.

"...ni Timu ya Wizara," akasema, kwa sauti ndogo.

"Hatujasikia!" uwanja mzima ukaitikia.

Itifaki haina utata hapo. Mgeni rasmi sharti asikike. Nikamwongezea sauti ya kipaza sauti, nikarudi nyuma hatua moja, naye akarudia.