Mlima Hauhitaji Petroli

Jumatatu, 4 Septemba

Mgomo umeanza. Madereva wote wa abiria kati ya Lushoto na Mombo wameegesha magari. Wanasema petroli haipatikani, na ikipatikana bei yake inameza nauli yote. Nawaunga mkono kabisa. Tatizo ni moja tu: mke wangu Yusta yuko Mombo, huko chini kwenye joto, anamkanda mdogo wake Marietha aliyejifungua. Na Jumapili binti yetu Raheli anapata kipaimara.

Jioni Raheli ameniuliza kama mama atafika. Nimemwambia atafika, nitamleta mwenyewe, hiyo ni ahadi ya baba. Akanitazama kwa muda. Mtoto huyu amechukua macho ya mama yake.

Tuna pikapu. Ni kuukuu kuliko Raheli lakini ni yetu. Mshale wa mafuta umelala chini kabisa.

Jirani yangu Kristian, mzee wa kanisa, amepita na punda wake anayeitwa Shukrani, kabichi za watu mgongoni. Ameulizia hali ya gari kwa sauti ya kumjulia hali mgonjwa. Anasema Ijumaa anateremka Mombo na Jumamosi anapanda, angeweza kumleta mama Raheli na mizigo yake. Nimemshukuru, nimekataa. Mke wa mtu mwenye gari hafuati mkia wa punda.

Jumanne, 5 Septemba

Nimeshinda Soni kwenye foleni ya sheli. Si foleni ya watu, ni ya madumu. Kila mtu ameweka dumu lake chini na jiwe juu yake, mwenyewe yuko kivulini anasema habari za serikali. Dumu langu lilikuwa la mwisho, karibu na mto.

Nikapata akili. Nikamnong'oneza mtu mmoja tu kwamba lori la mafuta liko Lushoto, linashusha sasa hivi. Nilitunga papo hapo. Kufumba na kufumbua foleni nzima imeokota madumu na kupanda mlima. Nikabaki wa kwanza. Raha iliyoje.

Nikakaa. Baadaye mhudumu wa sheli akafunga mlango, akachukua dumu lake mwenyewe, naye akaelekea Lushoto.

Lori lilikuwepo kweli. Wamerudi saa za jioni wamejaa, wananishika mkono mmoja mmoja. Zuberi, fundi wa baiskeli, amesema watu wema wamebaki wachache, akanimiminia lita mbili bure. Nimezipokea kwa unyenyekevu. Nadhani nina kipaji cha kuona mambo kabla hayajatokea.

Jumatano, 6 Septemba

Lita mbili hazitoshi kwenda Mombo na kurudi. Nimelala chali nikiwaza. Maji yanateremka Mombo kila siku na hayanywi petroli. Mawe nayo hivyo hivyo. Kwa nini pikapu ishindwe? Kushuka nitatoa gia, mlima utanipeleka. Zile lita mbili zitatupandisha. Nimeshangaa kwamba watu wameishi Usambara miaka yote hii bila kuliona hili.

Mchana nimefanya jaribio, kutoka kanisani hadi nyumbani. Gari ilikwenda vizuri mno. Ilikwenda hata baada ya nyumbani. Ilisimama kwenye maharage ya Kristian.

Shukrani ndiye aliyeivuta kuitoa. Wanakijiji wote walikuwepo. Kristian hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema maharage yataota tena.

Alhamisi, 7 Septemba

Alfajiri Pendo, jirani wa bondeni, ameshikwa na uchungu. Bodaboda ilikuwepo, petroli haikuwepo. Nimetoa dumu langu lote. Sikufikiri kwanza. Ni kawaida yangu, lakini leo hakuna aliyenilaumu.

Mtoto wa kiume, mama mzima. Wanafikiria kumpa jina langu, Danieli. Mpaka jioni walikuwa bado wanafikiria.

Basi sina petroli. Raheli ameuliza tena. Nimemwambia Mombo iko barabara kuu, malori ya nchi nzima yanapita pale, petroli haiwezi kukosekana. Kushuka ni bure, kupanda nitanunua hukohuko.

Nimempigia Yusta nimtulize moyo. Nikamwambia akae tayari, Jumamosi naja na usafiri. Akauliza petroli nimeitoa wapi. Nikamwambia petroli haihitajiki. Akabadili akasema Kishambaa, lugha anayoitumia akiwa amekasirika au akinionea huruma, akaniambia nikalale. Nimeisikia hamu katika sauti yake. Wiki tatu si mchezo. Hata mimi, nikipika bada, ule ugali wetu wa muhogo, bado naipika ya watu watatu.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimeosha pikapu. Nimeweka mto kwenye kiti cha Yusta.

Kristian ameteremka na Shukrani asubuhi. Alisimama kuuliza kama nina ujumbe wa Mombo. Nimemwambia ujumbe naupeleka mwenyewe, tena nitamkuta njiani.

Jumamosi, 9 Septemba

Siku kubwa. Vijana wamenisukuma hadi barabarani, mlima ukanipokea. Nimezima simu, maana sheria ni sheria, hata kama injini nayo imezimwa.

Gari isiyonguruma ni kitu kizuri. Ndege wanasikika. Honi haifanyi kazi, kwa hiyo kwenye kila kona nimeimba pambio kwa nguvu ili watu wapishe. Nimesimama penye mteremko mdogo kumchukua bibi mmoja, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kupanda. Baada ya kona mbili akauliza mbona gari limenyamaza. Nikamweleza. Akaomba ashuke, atembee tu.

Chini ya Soni, upande wa pili wa bonde, kwenye njia ya mkato, nimemwona mama mmoja anapanda nyuma ya punda aliyejaa mizigo. Mbele yao mwanamume mwenye kofia inayofanana na ya Kristian. Yule mama alinipungia mwavuli kwa nguvu sana, tena kwa muda mrefu. Watu wa milimani tuna adabu. Nami nikampungia. Nikamwonea huruma moyoni. Mlima wote ule kwa miguu, na mumewe yuko wapi?

Nimefika Mombo breki zinanuka. Marietha katoka na kichanga mkononi, kanitazama, kakaa chini. Anasema dada yake aliposikia Alhamisi kwamba nakuja na usafiri usiohitaji petroli, alifunga mizigo usiku uleule. Kristian alipofika jana wakapatana, leo alfajiri wameondoka. Wamenipigia simu tangu asubuhi.

Sheli zote za Mombo zimekauka. Mipira imefungwa shingoni mwa pampu.

Nimekaa kwenye mto wa Yusta. Nilimwahidi Raheli kwamba mama atakuwepo, na mama atakuwepo. Sikuwahi kumwahidi kwamba baba atakuwepo, kwa sababu halikuwa jambo la kuuliza. Usiku huu najisikia vibaya, wala sitafuti namna nyingine ya kulisema.

Jumapili, 10 Septemba

Nimeianza njia kabla jogoo hajawika, kwa miguu, suti begani, viatu mkononi. Jua limechomoza nikiwa bado mbali. Kengele ya kwanza imenikuta chini, nimeisikia kwa mbali, magoti yakagoma kama madereva.

Penye kijito, chini ya mpando wa mwisho, alikuwa amekaa Kristian. Suti nyeusi, biblia mapajani, Shukrani pembeni anakula majani. Mzee wa kanisa, siku ya kipaimara, nje ya kanisa. Nikamuuliza anafanya nini pale. Akasema mama Raheli amekadiria nitakuwa hapo muda huo, na kwamba nitakuwa sijiwezi. Akanisaidia kupanda mgongoni kwa Shukrani. Sikusema neno kuhusu mikia ya punda.

Kanisani walikuwa wanapiga magoti kwa zamu mbele ya mchungaji. Raheli alikuwa amebaki peke yake. Nimeambiwa baadaye alimwomba mchungaji awe wa mwisho, eti baba yake anakuja na usafiri wake. Nimesimama mlangoni, vumbi hadi nyusi, Shukrani nyuma yangu kaingiza kichwa ndani kutazama. Raheli akageuka, akaniona, akacheka, ndipo akapiga goti.

Nimelia. Nilisema ni vumbi. Yusta akanisogezea nafasi kwenye benchi, akanipa kitambaa, akaninong'oneza kwa Kishambaa maneno ambayo siyaandiki hapa. Hayakuwa ya hasira.

Mezani nimempa Kristian paja la kuku lililokuwa langu. Shukrani nimempa karoti za bustani yangu, zile nzuri.

Jumatatu, 11 Septemba

Mgomo umekwisha. Petroli imefika Soni. Yusta anasema nichukue dumu, nipande basi hadi Mombo, nitie mafuta, niendeshe gari kurudi nyumbani kama watu wengine. Raheli naye anasema hivyohivyo. Kristian amejitolea kunisindikiza.

Nimewasikiliza wote. Nawapenda. Ila wanafikiri karibu.

Kosa halikuwa kwenye wazo. Mlima unavuta kwenda chini bure, hilo nimelithibitisha kwa mwili wangu. Sasa malori ya kabichi yanaanza tena kushuka Mombo, mazito ajabu. Ukifunga kamba kwenye lori linaloshuka, ukaizungusha kwenye mti mkubwa huku juu, ncha ya pili ukaifunga kwenye pikapu kule chini, lori likishuka pikapu itafanya nini? Itapanda. Bila tone la petroli.

Nimemweleza Kristian. Akauliza kamba ya urefu gani. Nimemwambia hilo ndilo jambo pekee lililobaki, na tayari nimepata pa kuanzia.

Yusta yuko nje na beseni la nguo mbichi. Anauliza kamba yake ya kuanikia imekwenda wapi.